Mbona tunakuomba vipande vitano wakati umeleta kimoja

Hili swali haliishi hapa maabara. Mtu katuma kipande kimoja cha mwamba wa Antaktika anataka umri wake, tukimwambia aongeze vingine vinne anaona tunamchuna hela. Sio hivyo jamani.

Sisi kujua umri wa jiwe tunatafuta dayatomu. Ni mwani wa baharini mdogo ajabu, seli moja tu, unajijengea kijumba cha silika, yani kama kioo, ukifa kijumba kinazama kinalala kwenye tope. Kule kwenye baridi ndo tunazitegemea hizi, maana magamba ya chokaa ya foraminifera, vijidudu vingine vya baharini vya seli moja, mara nyingi yanayeyuka kwenye maji yale na silika inabaki. Jiwe tunalivunjavunja, tunaliloweka kwenye haidrojeni peroksaidi, halafu asidi, tunasuuza mpaka mikono ichoke, ndo liende kwenye slaidi. Sasa kila spishi ilikuwa na zamu yake duniani, kwahiyo ukikuta iliyotokea miaka milioni 5 iliyopita imelala na iliyopotea milioni 3 iliyopita, tope lako ni la hapo katikati. Hizo tarehe zenyewe zilitoka kwenye tabaka zenye majivu ya volkano, yanapimwa kwa gesi ya argoni iliyonaswa ndani yake, na kwenye alama za sumaku ya dunia, maana kaskazini na kusini yake zilikuwa zikibadilishana.

Shida ni kwamba kijumba hiki ni chepesi kama vumbi. Mwaka 1984 Peter Webb, David Harwood na wenzao walitangaza wamepata dayatomu za Pliosini, yani za miaka kama milioni 5 hadi 2.6 iliyopita, kwenye miamba inayoitwa Sirius, juu huko Milima ya Transantarctic inayokatiza Antaktika, wakasema barafu ya Antaktika ya mashariki iliwahi kuyeyuka sana, bahari ikaingia, barafu iliporudi ikazisukuma mpaka mlimani. Wanasayansi wengine wakasema wapi, zimeletwa na upepo hizo! Wakabishana miaka na miaka, na baadae dayatomu zikakutwa hata kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, mbali kabisa na bahari. Mimi niko upande wa upepo.

Kwahiyo kipande kimoja cha juujuu kinaweza kukupa umri wa vumbi, sio wa jiwe. Wale wa ANDRILL, mradi wa kuchimba miamba Antaktika, walichimba karibu mita 1,285 kwenye sakafu ya bahari chini ya barafu inayoelea ya Ross, tabaka zinafuatana zenyewe, wewe hauna hiyo bahati, basi kata vipande vitano ndani ya mwamba, pima kila kipande kimetoka kina gani, andika upande upi ulikuwa juu. Na kila kimoja mfuko wake tafadhali, mwezi jana tumepokea vitano ndani ya mfuko mmoja vimefika unga.