Okestra za vijana zisiachiwe wafadhili

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu Gustavo Dudamel, mwanamuziki wa Venezuela, ilimsifu kwa kuongoza okestra ya Los Angeles kuanzia 2009, lakini chimbuko lake mlilipitia juu juu. Alikuwa na miaka 18 tu alipokabidhiwa okestra ya vijana ya Simón Bolívar nchini Venezuela, katika mpango wa kufundisha watoto muziki ulioanzishwa na mwanamuziki José Antonio Abreu mwaka 1975. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali.

Hapa kwetu Nairobi, watoto wa mtaa wa mabanda wa Korogocho wanapiga fidla na tarumbeta jirani na jaa la Dandora, tena vizuri, ila wanategemea wafadhili. Uzi wa fidla ukikatika, mzazi wa kibarua atautoa wapi? Kaunti ya Nairobi itenge fungu la kuajiri walimu wa muziki na kununua ala za kuwaazima wanafunzi, kuanzia bajeti ijayo.

Mpenzi wa muziki,
Nairobi