Ile sifuri haikuwa hitilafu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kila Jumapili na kwa kawaida sina neno, lakini ile makala ya satelaiti za kwanza imenikera, pale mwandishi wenu aliposema eti Explorer 1 ya Marekani ilipofika juu kifaa chake cha kupima mionzi kilipata hitilafu, halafu baadaye ndio wanasayansi wakafanikiwa kugundua mikanda ya Van Allen, yaani ile mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia. Sio hivyo bana. Kifaa kilikuwa kizima, na kule kunyamaza kwake, kuandika sifuri, ndio ugunduzi wenyewe.

Mimi kazi yangu ni eksirei, mwaka wa ishirini huu, kwa hivyo hii kitu naijua kwa masikio. Tulipokuwa chuo mwalimu alituletea Geiger kaunta ya kizamani, kifaa cha kuhesabu mionzi kama kile cha Explorer 1, akaishika mbali na mashine ikawa tik... tik, akaisogeza ikawa trrrr kama bisi kwenye sufuria, akaiingiza kwenye miale yenyewe, kimya. Mwenzetu mmoja akasema imekufa hiyo. Mwalimu akamwambia haya basi, nenda kasimame pale ilipofia. Hakuna aliyeenda.

Kinachotokea ni kwamba kila chembe ya mionzi ikiingia kwenye ile tyubu gesi inapiga shoti kidogo na saketi inahesabu moja, halafu tyubu inahitaji muda kidogo sana ivute pumzi. Sasa chembe zikija kwa fujo haipati hiyo nafasi, shoti zinakuwa dhaifu mpaka saketi haizioni, inaandika sifuri. Ni kama makanga, abiria wakipanda mmoja mmoja anawahesabu vizuri tu, wakivamia mlango wote kwa pamoja hahesabu hata mmoja.

Ndio yaliyomkuta mwanafizikia James Van Allen na vijana wake wa Chuo Kikuu cha Iowa. Explorer 1 ilirushwa 31 Januari 1958, kilo kama 14 hivi, debe la mahindi linaizidi, na haikuwa na rekoda ya tepu kwa hivyo data ilipatikana zile dakika chache tu inapopita juu ya stesheni ya kupokea mawimbi. Ikipita chini hesabu ilikuwa kama 30 kwa sekunde, sawa na walivyotegemea kwa mionzi inayotoka anga za mbali, ikipita juu sana upande wa Amerika Kusini, sifuri. Watu wakakuna vichwa. Explorer 2 haikufika popote, lakini Explorer 3 ya 26 Machi ilibeba rekoda ndogo aliyoitengeneza George Ludwig, ndio kwa mara ya kwanza wakaona mzunguko mzima: hesabu inapanda, inapanda kwa kasi, ghafla sifuri kwa dakika kadhaa, kisha inarudi na kushuka vilevile. Jamani, kifaa kibovu hakifi na kufufuka kwa ratiba!

Halafu kuna kipande ambacho mwandishi wenu hakukigusa kabisa na mimi ndicho nakipenda kuliko vyote, maana ni cha kazi yangu. Carl McIlwain, mwanafunzi tu wakati huo, alichukua tyubu ya akiba akaiweka mbele ya mashine ya eksirei hapo Iowa, akaongeza miale mpaka tyubu ikaandika sifuri. Basi, kesi imekwisha. Kule juu hakukuwa kutupu, kulikuwa na mionzi mara elfu na zaidi ya walivyotarajia, imenaswa na usumaku wa dunia. Tarehe 1 Mei 1958 Van Allen akatangaza.

Warusi nao walikuwa na kaunta zao, za Sergei Vernov, ndani ya Sputnik 2 tangu Novemba 1957, ila ikipita kwao ilikuwa chini na ikiwa juu ilikuwa upande wa Australia, data ya huko hawakuipata. Bahati tu hiyo.

Na mngetaka kuileta stori nyumbani mbona ipo? Sisi tuliokulia Malindi zile nguzo za San Marco, kituo cha Waitalia cha kurushia roketi, baharini pale Ngomeni tumezizoea, lakini ni wangapi wanajua kwamba 15 Novemba 1971 ilirushwa Explorer 45 kutoka hapo hapo, kwenda kupima chembe za mikanda hiyo hiyo? Makala ukurasa mzima, San Marco hata mstari mmoja hakuna.

Naomba mrekebishe, na msiyafiche masahihisho chini ya matangazo ya viwanja. Halafu ile picha mliyoandika Explorer 1 ni Sputnik 1, ile ya tufe na antena nne. Explorer ilikuwa nyembamba, ndefu kama mita mbili, mtu hawezi kuzichanganya akiziangalia.

Mtu wa eksirei,
Malindi