Barua ya wazi kwa Waziri: Ukili mweupe usifumuliwe

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na mambo ya kale,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Mkoani, Pemba. Sisi wanawake wa bondeni tumesuka mkeka wa kutundika ukutani, pima 9 kwa urefu. Ukiuanza kushoto unaufuata mto wetu tangu kwenye mikarafuu mpaka kwenye mikoko.

Ukindu tumeukata humo humo bondeni, maana mkindu hupenda majimaji. Tukauanika, tukauchana, tukauchemsha na rangi. Kutoa umbo la mtu kwa ukili, ule mkanda wa ukindu uliosukwa, si mchezo, Mheshimiwa: chane moja ikikosea, mkono unahamia shingoni. Bi mkubwa wetu mmoja alilifumua dungu, kile kichanja cha kuamia (kufukuza) ndege shambani, mara nne, kwa kuwa mtoto aliyekaa juu yake hakuonekana kushika teo la kurushia mawe. "Sasa huyu anaamia kwa nini, kwa macho?" Tukacheka, naye anafumua.

Kwenye karafuu tumeweka wachumaji, makonyo (vijiti vinavyoshika karafuu) na jamvi. Jamvi tumelikuza makusudi. Tangu kimbunga cha 1872 kiilaze mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, na karafuu hizo zimekaushwa juu ya majamvi waliyosuka mama zetu na bibi zetu. Wenye mashamba wanajulikana kwa majina. Wasusi nani anawataja?

Mwisho wa mkeka, kulia, ukindu ni mweupe, haukutiwa rangi. Hapo ndipo maji ya bahari yalipoingia kwenye majaruba, mpunga ukafa, juu ya udongo ukabaki unga wa chumvi. Mimi nimerithi majaruba matatu kwa mama yangu. Mawili yamo katika weupe huo.

Ofisa mmoja alikuja kuutazama, akausifu sana, kisha akatutaka tufumue kipande hicho tuweke pomboo, eti wageni watapenda. Pomboo, Mheshimiwa! Pomboo wako Kizimkazi, Unguja. Mtoni kwetu kuna kambare.

Tunachoomba ni ukuta katika makumbusho ya Chake Chake, ndani ya ile ngome ya zamani, mahali pasipovuja, kwani ukindu ukipata unyevu huota ukungu. Ukuta ukiwa mfupi, mkeka na upindishwe kwenye kona, lakini usikatwe. Na weupe ubaki. Tanzania iliridhia mwaka 2011 ule mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika; ufundi wa mikono umetajwa humo.

Usafiri usikushughulishe. Tutautoa kwa gari ya ng'ombe mpaka barabarani, na kutoka hapo tutajua wenyewe. Kinachokosekana ni barua yako tu.

Kwa sasa umeviringishwa juu ya dari ya nyumba ya mwenzetu, panya nao hawana adabu. Kila Jumatatu asubuhi tunauteremsha tuuote jua. Ukija Pemba siku hiyo, karibu. Anzia kushoto.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msusi wa Mkoani