Gari linakula mafuta, fundi anakula hela?

"Fundi, nimekuletea gari kwa ajili ya mafuta, wewe umeniuzia rejeta."

Maneno hayo niliambiwa hapa gereji, Tabata, mbele ya wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wanasubiri magari yao. Aliyesema ni mzee mmoja mwenye Toyota IST ya 2004, cc 1,300. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana yaliniuma. Mtu akifoka unajua ni hasira, zitapoa. Akisema taratibu huku anahesabu noti, unajua anaamini kabisa kwamba umemla. Na si yeye peke yake. Wiki haipiti bila Vitz, IST, Passo au Starlet kuletwa hapa kwa shauri la mafuta, na wengi wakiiona bili wanashangaa kwa nini imeandikwa vitu visivyofanana na mafuta. Basi ngoja nieleze ya mzee huyu mwanzo hadi mwisho.

Mtu akiniambia gari linakula mafuta, swali langu la kwanza ni: linakula kiasi gani? Jibu huja kwa hela. "Zamani elfu 20 ilikuwa inanifikisha Alhamisi, siku hizi Jumatano asubuhi taa imeshawaka." Elfu 20 si kipimo. EWURA, wale wanaosimamia bei ya mafuta nchini, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikihama, elfu 20 yako inahama nayo. Lita ikiwa 2,500 unapata lita 8. Ikifika 3,000 unapata lita 6 na robo tatu haifiki. Gari ni lilelile, njia ni ileile, kilichopungua ni kilichomo ndani ya tenki. Kuna dada mmoja wa Segerea tulimrudisha nyumbani na Passo yake bila kugusa hata plagi, maana tulipopima tulikuta halina tatizo. Alilipa 30,000 ya kupima, akaondoka kanuna. Nadhani angefurahi zaidi kama ningembadilishia kitu chochote.

Kupima kwenyewe unaweza kufanya bila mimi. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, na usimruhusu mhudumu aongezee mpaka mafuta yaonekane mdomoni. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha wiki yako ya kawaida, halafu rudi kituo kilekile, pampu ileile, jaza tena mpaka ikate. Kilomita gawa kwa lita. Fanya mara mbili, kwa sababu tenki moja linadanganya.

Mzee alifanya hivyo, namsifu. Alileta kilomita 237 kwa lita 26, yaani kilomita 9.1 kwa lita. Anatoka Kinyerezi kwenda Posta, foleni ya Buguruni haimkosi, AC haizimwi. Kwa IST ya umri ule kwenye njia ile mimi nategemea 11 hadi 12. Kwa hiyo lalamiko lake lilikuwa la kweli. (Wapo wanaokuja na namba za Japani walizosoma mtandaoni. Kipimo kile cha zamani cha Wajapani, wanachokiita 10-15, kilikuwa safari ya maabara ya kilomita 4 na kidogo, dakika 11, mwendo wa juu kabisa 70. Hakuna Buguruni mle ndani. Usinidai namba hizo.)

Kilichonishtua si hiyo 9.1. Ni pale aliposema, kama anapita tu, kwamba alikwenda msibani Morogoro na ulaji wa mafuta haukupungua hata kidogo kulinganisha na mjini. Gari zima likipata barabara ndefu linatakiwa kula kidogo, halisimami wala haliondoki kila baada ya mita 50. Likila sawasawa na mjini, kuna kitu.

Nikamuuliza, "Mzee, ile taa ya bluu kwenye dashibodi inazima?"

"Taa gani?"

Magari mengi madogo ya Toyota ya miaka ile hayana mshale wa joto la injini. Yana taa ya bluu inayowaka ukiwasha gari asubuhi, na inatakiwa izime baada ya dakika chache injini ikipata moto. Ikichemka inawaka nyekundu. Ya mzee ilikuwa inazima kwenye foleni, akipata barabara wazi inarudi. Yeye alidhani ni taa ya kumpamba.

Jamani, hiyo ni dalili ya gari lililotolewa themostati.

Themostati ni kimlango kidogo cha chuma kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta, pale yanapopozwa na upepo, mpaka yapate moto. Kwenye injini hizi za IST kinaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukikitoa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na ukikimbia upepo unayapoza zaidi. Injini haifiki joto lake la kazi. Pale kuna sensa ya joto inayoiambia kompyuta ya gari "bado tuko baridi", na kompyuta inafanya inachofanya kila alfajiri: inaongeza mafuta. Kwa hiyo mzee alikuwa anaendesha saa sita mchana Chalinze na gari linadhani ni saa kumi na moja alfajiri. Mafuta ambayo hayakuungua vizuri mengine yanapita kando ya pistoni na kushuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi na inanuka petroli. Hiyo hasara haionekani kwenye kituo cha mafuta, inaonekana miaka miwili baadaye injini ikianza kutoa moshi.

Kwa nini itolewe? Mtaani wanasema themostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Injini haijui iko Tabata au Sapporo. Inataka joto lake, na kama ni kuchemka, themostati nzima haichemshi gari. Ukweli ni kwamba inatolewa kwa sababu ni njia ya mkato. Gari linachemka, fundi anatoa themostati kwa dakika ishirini, halichemki tena, mteja analipa 15,000 na anaona amepata fundi. Kilicholichemsha kimebaki mle mle.

Mzee alikumbuka. Miaka miwili nyuma lilimchemkia, akapita mahali fulani, likapona siku hiyohiyo.

Hatukuamini macho tu. Gari lililala hapa, asubuhi tukaliwasha likiwa baridi. Kwenye injini hii mpira wa chini wa rejeta unatakiwa ukae baridi kwa muda, halafu upate moto themostati ikifunguka. Huu ulikuwa unapata uvuguvugu pamoja na wa juu, polepole, tangu mwanzo. Usiku tukatoka nalo Barabara ya Mandela magari yakiwa yamepungua, kompyuta imechomekwa: tuko mwendo wa 70, nyuzi hazikuvuka 63. Hiyo ndiyo kazi ya 30,000 ninayotoza. Watu wanasema "umechomeka kimashine tu". Kimashine kinasoma namba. Kujua namba ipi haina adabu, na kulitoa gari usiku kwenda kuitafuta, hakifanyi chenyewe.

Tukaweka themostati mpya. Sasa ndipo mahali mteja anapoanza kuhisi ameibiwa, kwa sababu gari lililokuja halichemki, mikononi mwangu likaanza kutaka kuchemka. Limesimama, AC imewashwa, feni inazunguka vizuri, nyuzi zikapita 100 na bado zinapanda. Tukazima. Ukigusa rejeta upande mmoja unaunguza, upande mwingine baridi. Imeziba. Miaka yote mtu anaongezea maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti, maji maalumu ya rejeta, na yaliyotoka mle yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Rejeta hizi ni za plastiki juu na chini, si kama zile za zamani za kufungua, kuzibua kwa fito na kuchomelea.

Nilimpigia simu kabla ya kugusa kingine chochote. Nikampa njia mbili: turudishe gari kama lilivyokuja, yaani nitoe themostati yangu nimrudishie hela yake na aendelee na kilomita 9, au tubadilishe rejeta. Alikaa kimya, akasema badilisha. Kupima 30,000, themostati 45,000, rejeta 130,000, kulanti 25,000, mpira wa juu uliokuwa umevimba 12,000, ufundi 50,000. Jumla 292,000. Ndani ya ufundi huo imo na breki ya nyuma kushoto iliyokuwa inashika. Ukizungusha tairi kwa mkono linakwama, na ringi ya upande ule ilikuwa inatoka moto kuliko zingine. Fikiria unaendesha mwaka mzima na handibreki imevutwa kidogo. Upepo wa matairi tulikuta 24. Kibandiko cha mlangoni kinasema kilopaskali 220, ambazo kwenye geji ya fundi pancha ni 32. Upepo sikumtoza, ingawa ningetakiwa nimtoze kwa kujaza kwa macho.

Wiki iliyofuata alipima tena: kilomita 244, lita 21. Hiyo ni 11.6.

Nami sitaki kumdanganya mtu. Hapo ameokoa kama lita 5 kwa wiki. Tukichukulia lita kwa 3,000, ni 15,000. Hela yake inarudi baada ya miezi minne na nusu. Kama unauza gari mwezi ujao, usinipe kazi hiyo. Lakini kuna kijana wa usafiri wa mtandao alikuja na Vitz ya hali ileile, rejeta imeziba na themostati imetolewa. Nikamwambia, akacheka, akasema tutoe tu plagi tuzisafishe. Kipindi cha joto akapandisha abiria wanne na mizigo mpaka Kibaha, na siku hiyo hata bila themostati rejeta haikuweza. Silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini, ilipinda. Alirudi akiwa kwenye kamba, anavutwa na Noah. Bili ile siiandiki hapa, mwenyewe anasoma.

Njia nyingine za mkato nazitaja haraka. Plagi za 4,000 za kando ya barabara zenye boksi zuri: injini hizi zinataka mwanya wa milimita 1.1, na nimeshapima nne za boksi moja kila moja na mwanya wake. Oili nzito ya 20W-50 "kwa sababu gari limezeeka": mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa valvu kufunguka, unasukumwa na oili kwenye njia nyembamba, weka 5W-30, kama injini inakula oili tutibu hiyo. Kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, nilikifungua kimoja, mna taa. Kutoa masega, yale ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, hakupunguzi mafuta kama hayajaziba, kunampunguzia mwenye gari masega. Filta ya hewa badilisha, ila usinidai kilomita: gari la sensa linapima hewa iliyoingia na kupunguza mafuta kwa kadiri hiyo, kwa hiyo filta chafu inakunyima nguvu kwanza.

Na taa ya injini. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha gari, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, kuna mtu ameitoa balbu au ameiziba. Tumewahi kupokea IST ambayo mwenyewe anajisifu miaka mitatu taa haijawaka. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na kipande cha selotepu nyeusi, na kwenye kompyuta hitilafu ya sensa ya oksijeni.

Ukija kwetu kwa shauri la mafuta, njoo na risiti mbili za kujaza tenki na kilomita ulizoandika. Lete jioni, gari lilale hapa, maana tunataka kuliwasha sisi likiwa baridi. Kulaza hakuna malipo. Spea za zamani tunakuwekea kwenye boksi uondoke nazo. Ile rejeta ya mzee bado iko hapa, aliikataa. Akipita anainyanyua kwa mkono mmoja, anaona ilivyo nzito kwa uchafu, anairudisha chini. Mpira wa 12,000 bado anasema ulikuwa ghali.