Kwa walimu wa zamu: hebu zisomeni tarehe za daftari la viboko

Wanangu,

Shikamoo zenu za siku ya mahafali, marahaba. Chaki niliiweka chini zamani, ila neno mlilolisema ofisini juu ya yule kijana wa kidato cha pili limeninyima usingizi: "Huyu sugu, mzee. Fimbo hazimwingii."

Nami niliwahi kuwa na sugu wangu. Alitukana, alipiga wenzake, alivunja viti. Tulimchapa, kisha tukampa uwanja afyeke Jumamosi. Hakuwahi kulalamika. Hapo ndipo ningeshtuka, maana mtoto gani anapenda kufyeka?

Mnajua Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, hapa kwetu Tanzania: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na adhabu iandikwe daftarini. Nami nililiona daftari lile kama kazi ya kuwaridhisha wakaguzi tu. Siku moja, nikiliweka sawa kabla hawajafika, nikazilinganisha tarehe za kijana yule na kalenda ya ukutani. Karibu zote Ijumaa! Wenzake wanasubiri kengele ya kutoka, yeye anatafuta kosa.

Nilimwita chini ya mwembe, si mbele ya darasa. Sikumuuliza kwa nini anakosea. Nilimuuliza Jumamosi kwao kukoje. Alikaa kimya sana. Baba wa kambo alishinda nyumbani siku hiyo akinywa, na mtoto ndiye aliyekuwa ngoma yake. Jembe na fyekeo vilikuwa kimbilio, na sisi tulimlipisha kimbilio hilo kwa viboko vyetu. Bado naona haya.

Mwalimu wa malezi alikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mambo ya namna ile hayamalizwi na shule peke yake. Mimi nilimpa kijana kazi ya kumwagilia miche kila Jumamosi, bila kosa lolote. Msidhani aligeuka malaika. Matusi yaliendelea, na kitabu cha hisabati kiliwahi kupaa dirishani. Ila Ijumaa zikatulia.

Sasa huyo wenu. Mmoja wenu alidokeza kwamba huchafuka zaidi asubuhi ambazo majina ya wasiolipia chakula husomwa mstarini. Jumatatu msiyasome, halafu mwangalieni mpaka saa nne.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu