Rye na Winchelsea kwa treni: siku huharibikia Ashford

Wateja wanaotaka kwenda kutalii Rye na Winchelsea, miji ya kale ya Sussex Mashariki, Uingereza, huanza kwa kuuliza nauli. Sawa, tutafika huko. Ila kinachoharibu siku mara nyingi ni zile dakika za kubadilisha treni Ashford International.

Treni ya kasi kutoka stesheni ya St Pancras, London, hufika Ashford kwa dakika 38 hivi. Hapo unahamia treni fupi ya dizeli inayoelekea Hastings, na Rye ni dakika ishirini na kitu mbele. Sehemu kubwa ya njia hiyo ina reli moja tu, na treni zinazokutana hupishania stesheni ya Rye, kwa hiyo kuongeza treni si rahisi. Kwa kawaida hutoka moja kwa saa. Ukiiona mgongo, utakunywa chai Ashford saa nzima. Ndiyo maana hatumpangii mteja chini ya dakika 10 za kuhama, hata programu ya simu ikidai 6 zinatosha. Mwenye gari la mtoto tunampa 15.

Ikitokea umeikosa kwa sababu treni ya kwanza ilichelewa dakika 7, usidai fidia ya dakika 7. Kinachohesabiwa ni ulivyochelewa kufika Rye, yaani saa nzima. Piga picha tiketi, udai ndani ya siku 28 kwa kampuni iliyosababisha ucheleweshaji.

Sasa nauli. Kuna tiketi za bei ndogo zisizoruhusu treni ya kasi. Ukija nayo St Pancras, geti halifunguki. Hiyo ni ya njia ya polepole kupitia stesheni ya London Bridge. Mkiwa watu 3 hadi 9 mnaosafiri pamoja, baada ya saa za msongamano wa asubuhi, chagueni GroupSave: theluthi moja inapungua bila kadi yoyote. Familia nyingi hulipa bei kamili kwa kutobonyeza hapo tu.

Rye yenyewe haina shida. Kanisa la St Mary liko juu ya kilima, dakika kama kumi kwa miguu kutoka stesheni. Mitambo ya saa yake ni ya miaka ya 1560, na timazi yake ndefu inaning'inia ndani ya kanisa, ikipita huku na huku juu ya vichwa vya watu. Sanamu mbili za rangi ya dhahabu nje hugonga kila robo saa, lakini saa kamili hazigongi, kwa hiyo usisimame na kamera saa sita kamili ukingoje. Mtaa wa Mermaid umetandikwa mawe ya mviringo. Viatu vya kisigino viacheni nyumbani.

Winchelsea ndiyo inayodanganya watu. Stesheni inayobeba jina hilo iko zaidi ya kilomita moja kutoka mjini, njia nyembamba kisha mlima, na si kila treni husimama. Sisi huwashusha wateja Rye, kisha basi la kwenda Hastings linawafikisha mjini. Mji ulipangwa upya kilimani na Mfalme Edward I wakati ule wa zamani ukimezwa na bahari. Dhoruba ya 1287 ndiyo iliyoumaliza ule wa zamani. Kanisa la St Thomas limebaki kipande tu, na kipande hicho peke yake ni kikubwa. Uani kuna kaburi la mchekeshaji Spike Milligan, lenye maneno ya Kiayalandi: "Nilikuambia nilikuwa mgonjwa."

Jumapili tunaziogopa kidogo: asubuhi kuna ibada makanisani, mabasi hupungua, na matengenezo ya reli huweza kuleta basi badala ya treni. Jumamosi nayo ina harusi.

Ukitaka tukupangie, tutumie tarehe, idadi ya watu na umri wa watoto. Tuambie pia kama kuna asiyeweza ngazi za kubana, maana za mnara wa Rye zinabana kwelikweli.