Mzee asiache kliniki

Mikindani, Mtwara
Jumapili jioni

Shoga yangu Somoe,

Barua yako nimeipata. Alhamdulillahi mzee amerudi Newala salama na betri yake ya moyo, kile kifaa (pacemaker) kinachouamsha moyo upige kwa umeme. Ila nimeishiwa nguvu kusoma kwamba kliniki harudi tena, eti betri inafanya kazi na mikorosho imeshatoa maua, inataka kupulizwa salfa. Mpe shikamoo yangu, kisha umsomee haya polepole.

Unaukumbuka mkorosho wa bibi kule Naliendele, ule tuliofunga waya wa kuanikia nguo tukiwa darasa la tano? Leo huoni waya unapoingilia. Gome limeumeza. Moyo wa baba sasa uko kwenye kazi hiyohiyo.

Waya wake umepitishwa kwenye mshipa chini ya mtulinga ukashuka hadi chumba cha chini cha kulia, na ncha yake imeshikizwa kwenye nyama ya moyo. Mwili hauujui waya huo. Siku za mwanzo nyama inayoizunguka ncha huvimba, kama kidole kilichoingia mwiba, kisha mwili hujenga kovu kuizingira. Sasa sikiliza shoga, hapa ndipo penye jambo: kovu halisikii umeme. Umeme wa betri lazima uvuke ukuta ule ndipo ukaiguse nyama iliyo hai. Kwa hiyo wiki za kwanza umeme unaotakiwa kuuamsha moyo hupanda, halafu uvimbe ukipoa hushuka tena, ukatulia kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu. Tangu miaka ya 1980 ncha nyingi hutiwa deksamethasoni kidogo, dawa ya kutuliza uvimbe inayotoka taratibu palepale, na kupanda huko kumepungua sana. Hata hivyo kovu hujengeka.

Madaktari wanalijua hilo, ndiyo maana mwanzoni huiweka betri itoe umeme wa ziada. Kliniki ile anayoikataa ndiko watakakopima moyo wake umetulia wapi, wapunguze. Asipokwenda, betri itaendelea kumwaga umeme usiohitajika, na ile ya kudumu miaka kama kumi itamwishia mapema. Atarudi kupasuliwa kwa ajili ya safari moja aliyoikwepa.

Mkono nao. Mama yangu naye aliwekewa betri kama hiyo, na siku ya tisa baadaye aliinua mkono wa kushoto kuanika kanga. Kovu lilikuwa bado changa, ncha ikachomoka. Nilimkuta amekaa chini uani, jasho linamtoka, mapigo yamerudi kuwa ya kuhesabu. Tulisafiri usiku uleule kurudi Dar, zaidi ya kilomita mia tano, nimemshika kifundo cha mkono njia nzima. Sitaki uyaone hayo. Kiwiko cha baba kisipande juu ya bega mpaka wamruhusu, lakini mkono asiufunge kabisa, bega litakakamaa. Na pampu ya salfa asiibebe, mkanda wake unakandamiza palepale kwenye kidonda.

Kidonda ukitazame kila siku. Kikiwa chekundu, kikivimba au kutoa maji, msipake kitu, nendeni hospitali. Vijidudu vikishuka na waya, mara nyingi hakuna dawa ila kuutoa wote, na waya wa miaka mingi huwa umegandana na ukuta wa mshipa, pengine hata na vali ya moyo. Kuutoa kunahitaji mabingwa na vifaa vya pekee, hata miale ya leza.

Akisema betri ni mambo ya majaribio, mwambie habari za Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza kupandikizwa, Oktoba 1958. Betri ya kwanza ilimfaa saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya ishirini, akafariki 2001 akiwa na miaka 86. Mtu huyo alikuwa akirudi kwa madaktari wake, Somoe.

Salfa mtafutieni kijana wa kupuliza, nitachangia ujira wake. Tazama kadi aliyopewa hospitali, tarehe ya kliniki imeandikwa, unitumie kwa simu kesho asubuhi. Nitaomba ruhusa zahanati twende naye wote watatu, tufikie kwa mama mdogo Mbagala. Kiti cha dirishani ni chake, upande ambao mkanda hautambana bega la kushoto.

Wako,
Zuhura